Kaiti Ileile, Mkono Mwingine

Katika ufukwe unaotoka Paje kwenda Bwejuu, mtu anayetaka kupanda bodi avutwe na kaiti huulizwa kwanza uzito wake, kisha hutazamwa upepo wa siku hiyo. Mambo hayo mawili yakishajulikana hutajwa namba: tisa, kumi, kumi na mbili, yaani mita za mraba za kitambaa kitakachomvuta. Hesabu hiyo si ya kubahatisha. Mtu wa kilo 75, upepo ukiwa kilomita 28 hivi kwa saa, atahitaji kaiti ya mita 12 au pungufu kidogo, na upepo ukiongezeka atashuka hadi tisa au saba. Lakini hesabu inayoanza na mizani na kuishia kwenye kipima upepo imemwacha nje mtu mwenyewe, kwa kuwa haiulizi mikono yake inajua nini. Nadai hapa kwamba swali la mikono lingepaswa kutangulia yale mawili, kwa sababu kaiti moja, katika upepo mmoja, ikishikwa na watu wawili wenye kilo sawa, huruka safari mbili zisizofanana hata kidogo.

Bwejuu ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii, kwani upepo wake unajulikana. Kijiji kiko mashariki mwa Unguja, ufukwe unatazama mawio, na mwaka wake umegawanywa na pepo mbili kubwa. Kaskazi huja Disemba ikaendelea hadi Machi. Kusi hushika hasa kuanzia Juni hadi Septemba. Katikati yake kuna maleleji, siku za upepo mchache usio na mwelekeo, ambapo kaiti hulala kwenye mifuko yake. Anayesimama akiielekea bahari hupigwa na kaskazi kutoka kushoto kwa mbele, na kusi kutoka kulia kwa mbele. Maana yake ni kwamba katika misimu yote miwili upepo humsukuma mtu pembeni na kumrudisha nchi kavu, haumchukui kwenda kilindini. Mwamba umekaa mbali na pwani, mawimbi makubwa huvunjikia huko, na ndani yake kuna maji ya kina kifupi yaliyotulia. Sifa hizi ndizo zilizofanya Paje na vijiji jirani vijulikane duniani kwa mchezo huu tangu miaka ya 2000. Ndizo pia zinazowafanya wengi waamini kwamba hapa kaiti yoyote inamfaa mtu yeyote, imani ambayo nitairudia mbele.

Kwanza tuitazame nguvu yenyewe. Mvuto wa upepo hauongezeki sambamba na kasi yake. Huongezeka kwa mraba wa kasi hiyo. Upepo ukitoka kilomita 22 kwa saa ukafika 33, kasi imeongezeka kwa nusu tu, lakini mvuto umekuwa zaidi ya mara mbili. Juu ya hapo, kaiti haikai pale juu ikingojea upepo uifikie. Inapokata anga hujiundia upepo wake yenyewe, kwa hiyo kaiti inayokwenda mbio huvuta kuliko kaiti iliyotulia, ingawa upepo wa pwani haukubadilika. Aliyezoea huiweka pembeni mwa anga yake, mahali ambapo inaelea bila kuvuta sana, akaukaza ukingo wa bodi kwenye maji na kuitumia nguvu kwa kipimo anachotaka. Mwanagenzi hana mahali hapo pembeni. Anavuta mkono wa kulia kupita kiasi, kaiti inashuka ikapita katikati ya anga mbele yake, ambako ndiko mvuto wote uliko. Anashtuka, anavuta wa kushoto, kaiti inapita tena katikati ikitokea upande wa pili. Kipima upepo kingesema wawili hawa wako katika upepo mmoja. Mikono yao inasema vingine: mmoja anavutwa na upepo wa Bwejuu, mwingine anavutwa na upepo wa Bwejuu ukijumlishwa na makosa yake.

Namna ya kupunguza mvuto huo wavuvi wa pwani hii wanaielewa bila kufundishwa, kwa kuwa ni kazi ya demani, yaani kamba ya kulikazia tanga, kwenye ngalawa. Upepo ukizidi ghafla, nahodha huilegeza demani, tanga likamwaga upepo, chombo kikapumua. Akitaka mwendo, huikaza. Kwenye kaiti demani ni baa, yaani kile kipande kifupi cha kushikilia kwa mikono miwili, ambacho hupanda na kushuka kwenye kamba iliyounganishwa na hanesi kiunoni. Ukiisukuma baa mbali na kifua, kaiti hupunguza mvuto. Ukiivuta kifuani, huongeza. Ikiachiwa kabisa, kaiti iliyoundwa vizuri hubaki karibu tupu. Tofauti kati ya kaiti na kaiti, na ndipo penye kiini cha jambo hili, ni kiasi gani cha upepo kinachomwagwa pale baa inaposukumwa.

Historia yake si ndefu. Ndugu wawili wa Brittany nchini Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya kaiti yenye mirija ya kujazwa upepo mwaka 1984, na miaka kumi na mitatu ikapita kabla ya kaiti zao za jina la Wipika kuingia sokoni mwaka 1997. Umbo la wakati huo lilikuwa la herufi C: ukiitazama kwa mbele ilijikunja sana, na laini zake zilifungwa kwenye pembe zake tu. Kaiti ya namna hiyo humpa mwendeshaji habari zote. Kidole kikisogea, nayo imesogea. Akijinasua kutoka kwenye hanesi na kuruka akiwa ameshikilia kwa mikono peke yake, kaiti hulegeza laini kwa nukta moja baada ya kumrusha, na katika ulegevu huo ndimo anamopitisha baa nyuma ya mgongo. Mafundi wa michezo hiyo wanaipenda hadi leo, na wana haki. Ila baa ikisukumwa, kaiti ya C humwaga upepo mchache tu. Kuanzia mwaka 2005 umbo jingine la Bruno Legaignoux lilienea: kaiti bapa zaidi, ukingo wa nyuma umechongwa kwa ndani kama upinde, na vikamba vinavyoshikilia ukingo wa mbele sehemu kadhaa. Hiyo, baa ikisukumwa, humwaga karibu upepo wote. Ikianguka majini, kuvuta laini moja ya pembeni hutosha kuigeuza na kuinyanyua tena, kazi ambayo kwa C ya zamani ilihitaji mtu anayejua kuogelea kuielekea, kulegeza, kungoja na kubahatisha.

Sasa iweke kaiti ya C ya mita tisa katika kusi ya mwezi Julai, uwape wawili wetu kwa zamu. Kwa mzoefu ni chombo tulivu. Anajua itakuwa wapi kabla haijafika, hivyo wepesi wake kwake ni utiifu. Upepo ukimpiga kwa ghafla, haitegemei baa. Anakaza kisigino, ukingo wa bodi unauma maji, kaiti inasogea pembeni na mvuto unapungua. Yaani sehemu kubwa ya usalama wake haimo kwenye kaiti. Imo miguuni mwake. Mwanagenzi bado hajasimama kwenye bodi, kwa hiyo miguu hiyo hana. Kilichobaki kumsaidia ni baa peke yake, na baa ya kaiti hiyo ni demani iliyofungwa nusu. Kuna jambo jingine linalozidi hilo kwa uzito. Mwili wa mtu anayeogopa hushika na kuvuta. Anayehisi anaanguka hukunja viwiko, akaileta baa kifuani kwa nguvu zake zote, wakati dawa ni kunyoosha mikono na kuiachia. Hilo hutokea kwa mwenye misuli na asiye na misuli, kwa mwoga na kwa jasiri, na halitoki kwa kuambiwa; hutoka kwa kurudia. Kwa hiyo kaiti ya siku za mwanzo inapaswa kuchaguliwa kwa kujua tangu mapema kwamba itavutwa wakati wa kuachiwa, na swali la kuuliza ni itafanya nini ikitendewa hivyo. Kaiti ya upinde ikivutwa kupita kiasi mara nyingi hukosa pumzi, ikarudi nyuma na kuanguka polepole. Ni aibu ndogo, na maji ya kiunoni yanaipokea. Kaiti kali ikivutwa hivyo huku mkono mmoja ukizidi mwingine, hujipinda na kuzunguka ikipita katikati ya anga.

Ushahidi kwamba chombo kimoja huruka tofauti kwa mikono tofauti unapatikana hata mbali na bahari. Marekani kuna gofu ya kisahani, mchezo ambao badala ya fimbo na mpira, mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu chenye minyororo. Ed Headrick aliujengea uwanja wa kwanza wa kudumu Oak Grove, California, mwaka 1975. Visahani vya masafa marefu vya mchezo huo huandikwa namba nne: kasi vinayoihitaji, ueleaji wake hewani, kiasi cha kugeukia kulia vikiwa bado na mbio, na kiasi cha kukatia kushoto mbio zikiisha, kwa mrushaji wa mkono wa kulia anayerusha kwa kiganja kuelekea ndani. Kimojawapo kinachojulikana sana, Firebird cha kampuni ya Innova, kimeandikwa 9, 3, 0, 4. Sifuri ile inasema hakigeuki kulia hata kikirushwa kwa nguvu. Nne inasema kitakata kushoto kwa ukali mwishoni. Kwa bingwa ni kisahani cha kuaminika kupita vyote: huenda moja kwa moja, upepo wa mbele haukipindui, na mwishoni hukunja kushoto pale pale alipokusudia. Kwa anayeanza, kisahani hicho hicho hukata kushoto mara tu kikitoka mkononi na kuzama karibu. Sababu haina siri. Kisahani kinachozunguka, hewa ikiinua pua yake, hakiinui pua. Msukumo huo hugeuka kuwa mwinamo wa upande, na kadiri kasi inavyopungua ndivyo msukumo huo unavyozidi. Bingwa anakipa kasi kinayoiomba, kwa hiyo mwinamo unachelewa hadi mwisho wa safari. Mwanagenzi anaanza safari pale ambapo ya bingwa inamalizikia. Hasara kubwa iko katika anachojifunza hapo: huanza kukiinamisha kisahani kulia ili kufidia, na kila siku anayofidia ndivyo mkono wake unavyozoea kosa. Ndiyo maana wanaofundisha mchezo huo humpa mgeni kisahani chepesi kinachokubali kugeuka, hata kama upepo wa mbele ungemshawishi kuchukua kile kizito cha bingwa. Mwenye kurusha akielekea Paje kutoka Bwejuu mwezi Julai angekumbana na kishawishi hicho hicho, maana kusi ingekuwa usoni pake.

Kuna watakaosema jibu ni rahisi: mwanagenzi apewe kaiti ndogo na mambo yataisha. Ukubwa una maana, lakini nusu ya jambo hilo imekaa kinyume na inavyodhaniwa. Kaiti ikiwa ndogo hugeuka haraka zaidi, na kosa la mkono linalochukua muda kwenye mita 12 huwa limekwisha kutendeka kwenye mita saba kabla akili haijaitikia. Kwa mtu ambaye bado anafikiria mkono upi ni upi, muda ni mali. Ndiyo sababu walimu wengine hufupisha laini badala ya kupunguza kitambaa peke yake: laini za kawaida huwa za mita 20 hadi 24, na zikifupishwa, kaiti haina nafasi kubwa ya kukimbia, kwa hiyo haipati mbio za kujiundia upepo wake. Kwa maneno mengine, udogo unaomsaidia mwanagenzi ni udogo wa anga ya kaiti kuliko udogo wa kaiti yenyewe. Mtu anayeuza mita saba ya mashindano kwa kijana wa kilo 60 akimwambia ni ya kuanzia kwa sababu ni ndogo, hamfanyii wema.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wakongwe wa ufukweni, na linastahili kusikilizwa. Wanasema kaiti za upinde zimezalisha waendeshaji wavivu. Mtu akijua kwamba baa itamwokoa, hajifunzi kukaza ukingo wa bodi. Huning'inia kwenye baa, huchukua mita 12 mahali pa tisa kwa kuwa anaweza kuimwaga, na siku kaskazi ya Januari inapopanda ghafla kupita uwezo wa kumwaga, hana akiba nyingine. Hili ni kweli, na anayetetea kaiti laini bila kulikiri anaficha nusu ya habari. Lakini tuangalie linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba kaiti laini ikichukuliwa kubwa mno, au ikishikiliwa muda mrefu mno bila mwalimu kudai kazi ya miguu, hudumaza. Halithibitishi kwamba siku ya kwanza iwe ya kaiti kali. Ujuzi wa ukingo wa bodi hauwezi kufundishwa kwa mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye bodi, na kusimama huko kunahitaji kaiti inayomwachia akili ya kufikiria jambo jingine. Wakongwe hao wenyewe walijifunza kwenye C kwa sababu hapakuwa na kitu kingine, na tunaowaona leo ni wale waliobaki kwenye mchezo. Walioumia au kukata tamaa hawako ufukweni kutoa ushahidi wao.

Na ile imani kwamba Bwejuu yenyewe inasamehe? Inasamehe baadhi ya mambo. Anayeshindwa kurudi goshini, yaani upande unakotoka upepo, alikoanzia hatapotelea baharini. Atatupwa ufukweni na atarudi kwa miguu akiwa na bodi kwapani. Lakini upepo unaomrudisha nchi kavu ndio huo huo unaoweza kumburuta kuelekea minazini na kwenye kuta za hoteli, na maji yanapojaa wakati wa bamvua, ufukwe hubana hadi nafasi kati ya bahari na minazi inakuwa finyu kuliko urefu wa laini. Yakipwa, hadithi ni nyingine. Bahari ya bamvua hapa hupanda na kushuka takriban mita nne, na yanapokwenda, eneo lote hadi karibu na mwamba hubaki maji ya kifundo cha mguu, mchanga na mawe. Kuanguka kutoka mita mbili juu kwenye maji hayo ni kuanguka chini.

Tena mahali hapo pana wenyewe. Kilimo cha mwani cha biashara kipo katika pwani hii ya mashariki tangu mwaka 1989, na wanaokifanya kwa wingi ni wanawake, wanaoshuka maji yakipwa na kuinama kwenye mistari ya kamba iliyonyooshwa baina ya vigingi, kila kamba imening'inizwa vishada vya mwani kwa vikamba vidogo. Wengine huzika makumbi ya nazi kwenye mchanga wa maji ya kupwa na kujengea alama ya mawe juu, wakayafukua baada ya miezi kadhaa kwa ajili ya kusokota usumba. Kaiti isiyonyanyuka kirahisi, ikiangukia hapo, huburuza laini zake juu ya vigingi na kung'oa kazi ya watu ambao hawakuuomba mchezo huo. Mzoefu huiangusha kaiti yake mara chache na huchagua pa kuiangushia. Mwanagenzi huiangusha mara nyingi na mahali popote. Kwa hiyo uwezo wa kaiti kunyanyuka haraka kutoka majini, ambao mzoefu anauona kuwa nyongeza, kwa mwanagenzi wa Bwejuu ni sharti, na mkulima wa mwani ana haki ya kulidai kuliko hata mwalimu.

Linabaki suala la fedha, ambalo watu hulitaja kwa sauti ya chini ingawa ndilo linaloamua mengi. Kaiti mpya hupita dola 1,000 bila baa yake. Kijana wa Paje au Bwejuu asiye na mshahara wa chuo cha kaiti hataigusa. Atanunua iliyotumika, au ataachiwa na mgeni anayerudi kwao. Itasemwa kwamba mtu wa namna hiyo hachagui, anachukua kinachokuja. Nakubali kwamba hachagui bei. Sikubali kwamba hana la kuchagua. Anaweza kutazama laini zimefungwa wapi: zikiwa kwenye pembe nne tu, hiyo ni kaiti ya kumwekea rafiki aliyemtangulia; kukiwa na vikamba vinavyoshika ukingo wa mbele sehemu kadhaa, ana mahali pa kuanzia. Anaweza kuisukuma baa hadi mwisho, kaiti ikiwa hewani na mtu mzoefu akiwa amemshika hanesi kwa nyuma, akaona mvuto unapungua kiasi gani. Anaweza kuiangusha kwa makusudi kwenye maji ya magoti, mbali na vigingi vya mwani, akahesabu inachukua muda gani kunyanyuka. Vijana wanne wakichanga kununua kaiti moja laini ya mita tisa au kumi, wakaishika kwa zamu, watajifunza upesi kuliko kila mmoja akingoja peke yake zawadi ya kaiti ya bingwa.

Vyuo vya kaiti vinavyouza vifaa vyao mwisho wa msimu vingeweza kulirahisisha hili kwa gharama ya kalamu ya wino. Kwenye mfuko wa kaiti huandikwa mita za mraba na mwaka wa kutengenezwa. Chini yake paongezwe mstari mmoja unaomtaja mwendeshaji anayehitajika: kwamba hii ni ya anayeanza, ile ni ya anayeweza tayari kurudi goshini bila msaada, na nyingine ni ya anayeruka akiwa amejinasua kwenye hanesi. Muuzaji anayajua hayo yote wakati anapohesabu pesa, maana yeye mwenyewe hakumpa mwanafunzi wake wa siku ya kwanza kaiti anayoiuza.